Baba Mkwe Ndani ya Kioo

Nilifika Tukuyu Bi Rehema ameshazikwa. Wenzetu Waislamu hawakai na maiti, na mimi nilikuwa natoka mbali, kwa hiyo nilichokuta ni mkeka, mvua, na wanawake wa mtaa wa sokoni waliojikunyata ndani ya khanga zao kwa baridi. Nikapewa chai ya tangawizi na chapati, nikakaa upande wa dirisha. Kando yangu mama wawili walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini kama marehemu alikuwa mkali kweli au alikuwa na mdomo tu. Mmoja alisema aliwahi kurudishwa dukani mara mbili kwa sababu ya kushika kitenge na mikono yenye mafuta. Mwenzake akajibu, "Lakini si alikupa sabuni ukanawe?" Wakacheka, wakajiziba midomo. Mwanaidi, binti wa marehemu, alikuja akainama sikioni kwangu. "Dada Atu, kuna kitu chako kabatini kwa mama." Nikamwambia sina changu humu ndani. Akaenda, akarudi na kimfuko cheusi cha zipu, na ndani yake ilikuwamo ile kamera: ndogo, rangi ya fedha, imechubuka pembeni, ina uzito wa embe changa. Sikujaribu kuiwasha. Niliifunika kwa kiganja, na mazungumzo ya wale mama yakaanza kwenda mbali, kama redio ya jirani mvua inapozidi.

Mwaka ule nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimeolewa Ikuti, mume wangu Lusajo yuko Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, na mimi nafanya kazi studio kwa Bi Rehema, mjini Tukuyu. Studio lilikuwa jina la heshima tu. Kilikuwa chumba cha pili cha duka lake la khanga na vitenge, kina benchi, kioo cha kujichania, na pazia lililochorwa maporomoko ya maji pamoja na ndege ambayo magurudumu yake yalikuwa makubwa kuliko mabawa. Nyuma ya pazia hilo kulikuwa na mlango wa chumba changu. Nililala na harufu ya vitambaa vipya, na asubuhi nilipofungua dirisha ukungu uliingia wenyewe kama mtu wa nyumbani, ukakaa juu ya kitanda, ukakaa juu ya jiko la mkaa, mpaka saa nne ndipo uondoke. Siku hizo za soko huria kila kitu kilikuwa kinaingia: redio za Kichina, mitumba, simu za mkononi ambazo wenye nazo walipanda kilimani kutafuta mtandao. Bi Rehema alikwenda Kariakoo kuchukua mzigo, akarudi na kamera ya dijitali. Aliyemuuzia alimwambia mikanda ya filamu inakufa, na asiyehama mapema atabaki kupigia picha kuku wake.

"Mimi sijamwamini," aliniambia akiiweka mezani, juu ya gazeti, kama kitu kinachoweza kuuma. "Nisije nikawa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Utakaa nayo, Atu. Ujue inachoweza, ujue isichoweza. Siku nikiiweka mbele ya mteja sitaki aibu. Na mtu mwingine asiiguse."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu mwaka mzima, na sijawahi kupata kazi nyingine iliyofanana na usingizi mtamu namna ile. Nilitembea nayo shingoni chini ya sweta. Ilikuwa na gurudumu lenye alama ndogo, ua, mlima, mtu anayekimbia, na nilizijaribu zote. Ukiiweka kwenye ua ilisogea karibu na vitu hadi ukaona nywele kwenye jani changa la chai na tone la mvua lenye mgomba mzima umepinduka ndani yake. Uzuri mwingine ni kwamba ilikuonyesha picha palepale, kwenye kioo cha nyuma kilicholingana na kiberiti, na picha mbaya uliifuta isigharimu kitu. Watu wa sokoni walijiona, wakapiga kelele, wakaitana. Lakini nilichokipenda kuliko vyote ni zumu. Unasukuma kitufe, lenzi inatoka mdomoni kwa mlio mwembamba, na kilicho mbali kinakuja. Nikiwa nimesimama ngazini pa duka nilivuta msitu wa Mlima Rungwe ukaja hadi nikaona mti mmoja mmoja. Nilimvuta mama mmoja ng'ambo ya bonde aliyekuwa anaanua nguo kabla ya mvua, akawa karibu kiasi kwamba nilijikuta namsalimia, "Mugonile," peke yangu, na yeye akaendelea kukunja shuka bila habari.

Isichoweza nayo nilikijua, polepole. Ilikula betri kama mtu aliyetoka jela. Ilichelewa: ukibonyeza leo, inapiga mtoto akishageuka, na kwenye arusi moja nilipata picha nzuri sana ya mgongo wa bibi arusi. Flashi yake haikufika mbali kuliko urefu wa chumba. Kulikuwa na jambo jingine lililonichukua muda kulielewa. Ukikibonyeza kitufe nusu, kimraba cha kijani kinawaka katikati ya kioo, maana yake kamera imeshachagua kitu cha kutazama, na kuanzia hapo haibadili mawazo. Kikiwa jiwe, basi ni jiwe litakalotoka safi, hata akaja mtu akasimama mbele yake. Na ile zumu ilikuwa na mwisho. Hadi mara tatu ilivuta kwa lenzi, kwa haki. Ukiendelea kusukuma ilijifanya inavuta, kumbe inapanua tu ilichonacho, na kitu kinageuka kuwa vimraba vimraba, kama mkeka uliotazamwa kwa karibu mno. Nilimweleza Bi Rehema. Akasema, "Kumbe na yenyewe inajua kutia chumvi."

Kila Jumamosi jioni nilikwenda Ikuti, ukweni. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, migomba imeizunguka hadi madirishani, na jiko liko nje upande wa nyuma. Huko jikoni ndiko nilikoishi. Kwetu Unyakyusa mke hatakiwi kuonana na baba wa mumewe. Hamtazamani, hamkai chumba kimoja, hamzungumzi, hata jina lake hulitamki, na hata hapa sitaliandika, mkono wenyewe unakataa. Mchungaji alishasema kanisani kwamba hayo yamepitwa na wakati. Baba mkwe aliitikia amina pamoja na wenzake, akarudi nyumbani, na alipofika migombani akakohoa kama kawaida ili nipate nafasi ya kujificha. Mimi nikavuta khanga usoni nikageukia ukuta. Sikuona ni ukatili. Siku hizi nikiwasimulia vijana wananihurumia, wananiuliza niliwezaje, na mimi nashindwa kuwaeleza kwamba ilikuwa heshima yenye joto ndani yake. Katika ukoo wote ule hakuna mtu aliyejali nilipo, kila dakika, kama yeye aliyekuwa anajitahidi asinikute.

Nilimjua kwa vitu. Nilimjua kwa kikohozi, kwa fimbo yake kwenye mawe, kwa katambuga zake za tairi zilizoachwa mlangoni, kisigino cha kushoto kimelika zaidi. Sahani ilipotoka ndani nilijua ameamkaje: akiwa na furaha alimaliza mbalaga yote, ndizi na maharage na mchuzi, akaacha sahani kavu, akiwa na hasira na bei ya chai aliacha ndizi za pembeni. Alibishana na mtangazaji wa redio kana kwamba mwenzake yuko chumbani. Na alikuwa na namna yake ya kuzungumza nami. Alimwambia mkewe, kwa sauti iliyopandishwa kidogo ili ipenye ukutani: "Mama Lusajo, leo nimekula chakula cha mtu aliyefundwa." Mama mkwe akaja jikoni akanikuta natabasamu, na bado akanipa ujumbe wote upya kwa Kiswahili chake, "Mwenyewe amesema chakula nsuli," kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Jumapili moja, ukungu ukiwa unapasuka, nilipanda kijilima cha nyuma ya nyumba kujaribu zumu. Ng'ambo kulikuwa na mashamba ya chai, na katikati ya ule ukijani amesimama mtu peke yake, koti refu jeusi, kofia, fimbo. Koti lile nilikuwa nalijua kutoka kwenye kamba ya kuanikia. Nilipaswa kugeuka. Badala yake mkono uliinua kamera, na lenzi ikatoka, na mgongo wa baba mkwe ukaja taratibu mpaka ukajaa kioo. Nikaendelea kusukuma. Yeye akageuka upande wangu, bila kujua, kama mtu anayetafuta mvua itatokea wapi, na hapo hapo kamera ikawa imefika mwisho wa ukweli wake. Kwenye shingo ya koti palikuwa na vimraba vya kahawia, vinatetemeka. Hapakuwa na pua wala jicho. Nikashusha kamera. Niliona haya, kisha nikaona kitu kingine kilichonisumbua zaidi, kwamba nilikuwa nimehuzunika kwa kutomwona. Chini, mama mkwe aliniita. "Unatafuta nini huko juu, mwana?" Nikamjibu naijaribu kamera, mama. Akasema ukimaliza kuijalibu kuni zimeisha.

Masika yalipokaza, baba mkwe aliugua. Walimlaza Igogwe hospitalini, akarudi na dawa kwenye mfuko wa nailoni na sauti iliyopungua unene. Sahani zilianza kutoka zimejaa. Redio iliongea peke yake bila wa kubishana nayo, na mimi jikoni nilijikuta nasubiri amtukane mtangazaji japo kidogo. Ndipo jioni moja nikasikia sauti yake ikipandishwa, kwa kazi kubwa, ipate kunifikia.

"Mama Lusajo, mimi sina picha."

"Unayo ile uliyopigwa na wenzako kiwanda cha chai," mama mkwe alisema.

"Ile nimesimama nyuma ya kofia ya mtu. Kinachoonekana ni sikio. Nikifa, mbele ya jeneza watabeba sikio? Wajukuu wataambiwa babu yenu ndiye huyu hapa, sikio la kulia?" Akapumzika, akakohoa. "Na mkwe wangu ndiye fundi wa picha. Watu wa Tukuyu wote anawapiga yeye."

Nilibaki na mwiko mkononi, ugali unaungua. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuniomba kitu. Na sasa aliomba kitu kimoja, kitu ambacho mimi pekee nilikuwa nacho, na ndicho pekee nisichoruhusiwa kumfanyia. Alitaka kubaki na sura. Nilijua pia, kwa jinsi alivyohema, kwamba hatukuwa na masika mengine ya kusubiri.

Jumatatu nilimweleza Bi Rehema. Alikuwa anakunja khanga, akasimama nazo mikononi. "Nyie Wanyakyusa mna mambo," alisema. "Sasa utampigaje mtu usiyemtazama? Utafumba macho upige kama unavyopiga nzi?" Nikamwonyesha alama ya saa kwenye kamera. Ukiiwasha, unabonyeza, kamera inasubiri sekunde kumi, inajipiga yenyewe. Ningeiweka tayari mbele ya kigoda, ningebonyeza, ningekimbilia jikoni, na mama mkwe angemkalisha. Bi Rehema aliitazama kamera kwa jicho jipya. "Basi hata mimi nimeipenda," alisema. "Nenda nayo."

Nilipindua kinu uani, nikaweka juu yake gunia lililokunjwa, na juu ya gunia kamera. Mbele nikaweka kigoda, nyuma yake migomba. Nikavuta kidogo kwa lenzi, nikahakikisha kigoda kiko katikati, nikabonyeza, nikakimbia, nikageukia ukuta wa jiko uliojaa masizi. Nilisikia mlio wa kuhesabu, fimbo kwenye mawe, mama mkwe anasema polepole, polepole, kisha tik. Nikarudi alipokwisha kuondolewa. Kigoda kitupu. Mara ya pili ulipatikana mkono na fimbo. Mara ya tatu, niliposikia mama mkwe anacheka hadi anakohoa, sikuthubutu kutazama kioo, nikamwachia yeye aseme. "Umepata makalio ya koti," alisema. Kutoka nyuma ya ukuta sauti ikapanda: "Mama Lusajo, hiyo kamera inakimbilia wapi? Ina mgonjwa nyumbani?" Tulicheka wote watatu, kila mmoja upande wake wa nyumba. Mwishowe tulielewana asubiri ameshasimama nyuma ya migomba, hatua mbili kutoka kigodani, na mimi nikitoka tu yeye akae. Safari hiyo mama mkwe alichukua kamera mikono miwili kama mtoto mchanga, akaisogeza machoni, akaisogeza mbali. "Ee! Nsuli fijo, nsuli sana. Ndiye mwenyewe na fimbo yake." Akampelekea ajione. Halafu nikasikia akisema, kwa kushangaa zaidi kuliko kusikitika, "Kumbe ndivyo nilivyo."

Wiki ile Bi Rehema alikuwa na safari ya Mbeya, akanichukua, kwa sababu Tukuyu haikuwa bado na kompyuta ya kusafishia picha. Kijana wa duka la picha alitia kadi kwenye mashine, na mimi nikageuza kiti changu kikatazama mlango. "Sista, picha kali," alisema. "Migomba imetoka bomba, hadi mishipa ya majani." Nikasubiri Bi Rehema aseme neno. Hakusema, na kwa mtu kama yeye hiyo peke yake ilikuwa habari mbaya. Mwisho alinishika bega. "Atu. Migomba imetoka. Mzee hakutoka."

Nikaelewa kabla hajamaliza. Nilibonyeza kitufe wakati kigoda kiko kitupu. Kimraba cha kijani kilipita juu ya kigoda kikaenda kuikamata migomba ya nyuma, kikaigandia, na baba mkwe alipokuja kukaa kamera ilikuwa imeshachagua. Bi Rehema alisema anaonekana kama mtu nyuma ya kioo cha bafu. Kwenye kile kioo cha kiberiti, na macho ya mama mkwe, haikuwezekana kuliona hilo. Kijana alijaribu huku na huku kwenye kompyuta, akanyanyua mikono. "Hii haiponi, sista. Si ungemkalisha kwanza ndiyo ubonyeze?" Nikairudisha kadi kwenye kamera. Mtu mwingine yeyote angemkalisha kwanza.

Nimeifikiria kamera ile mara nyingi tangu hapo, hasa siku hizi ambapo mwanangu ananitumia picha mia kwa siku na kila moja ina macho, meno na kope zake zote mahali pake. Kamera yangu haikuwa mbovu. Ilifanya kilichomo ndani ya uwezo wake: ilitazama kilichokuwapo wakati nami nipo. Kosa lilikuwa letu, mimi na yeye, watu ambao hatukuwahi kuwapo pamoja mahali pamoja.

Niliporudi Ikuti hali ilikuwa imebadilika. Hakuweza tena kutoka uani. Nilimfundisha mama mkwe kubonyeza, nikavunja amri ya Bi Rehema, lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka tangu mume aanze kuugua, na kitanda kilitoka kama kilikuwa kwenye mashua. Nikasema nimlete kijana mmoja wa jirani nimwelekeze. Kutoka ndani, sauti ambayo sasa ilibidi usimamishe pumzi kuisikia, ilisema hapana. "Mama Lusajo. Aliyeanza kazi aimalize." Halafu ikasema, "Mwambie aingie. Atazame kioo chake, asinitazame mimi."

Mama mkwe alisimama mlangoni akiwa ameshika fremu. Alinitazama kwa muda, akaonekana kupima kitu ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha kukipima. Kisha akasogea pembeni.

Ilikuwa mchana, na mvua nyembamba. Chumba kilikuwa na dirisha dogo lililozibwa na majani ya mgomba, kwa hiyo mwanga ulioingia ulikuwa wa kijani, kama wa chini ya maji. Niliingia na khanga imeshuka hadi kwenye nyusi, kamera nimeinyoosha mbele yangu, na sikuwa na macho pengine popote ila kwenye kile kioo. Ndani ya kioo palikuwa na meza, kikombe, redio iliyozimwa. Palikuwa na blanketi. Nilisimama mlangoni nikajaribu kumvuta kwa zumu, maana ndiyo iliyokuwa njia yangu ya adabu, ya kumfikia mtu bila kumsogelea. Haikufaa. Kwenye giza kamera ile ukiivuta inazidi kupofuka, na kila mtikisiko wa mkono unakuwa mkubwa. Kimraba cha kijani kiliwaka, kikazima, kikawaka, kikakataa. Nikairudisha lenzi ndani. Iliyobaki ilikuwa ni miguu yangu.

Nikapiga hatua. Ndani ya kioo blanketi likasogea, ukatokea mkono wenye mishipa. Nikapiga nyingine, ikatokea kola ya shati, shati jeupe, mama mkwe alikuwa amemvalisha. Halafu kidevu chenye mvi zilizonyolewa vibaya. Halafu yeye. Nilikuwa nimemtunga kichwani kwa miaka, nimempa uso mpana wa mtu anayegombana na redio, na hapa palikuwa na uso mwembamba, mpole, wenye mdomo wa Lusajo kabisa, mdomo uleule ambao mume wangu huukunja akitaka kucheka mahali pasipotakiwa. Nilimpenda papo hapo. Sioni namna nyingine ya kulisema.

Lakini macho aliyafumba. Nilisubiri. Studio tulikuwa na sheria, macho yaliyofumbwa ni picha ya kufutwa, na kila mteja aliambiwa afumbue, atazame hapa, asipepese. Mimi nisingeweza kumwambia kitu. Nilisubiri hadi mikono ikaanza kuchoka, na mama mkwe nyuma yangu naye akaona. "Mume wangu, umelala?" aliuliza.

"Silali."

"Fumbua basi, mwana anasubili."

Mdomo ule kwenye kioo ulikunjika kidogo. "Mwambie apige tu," alisema. "Yeye amepewa kioo. Mimi sina kioo."

Nikabonyeza nusu. Kimraba cha kijani kikakaa katikati ya uso wake kikatulia. Nikabonyeza yote. Flashi ikawaka, chumba kizima kikawa cheupe, na uso wake haukushtuka. Nilitoka kinyumenyume, bado natazama kioo, yeye akipungua, blanketi, meza, fremu ya mlango. Nikiwa nje nilimsikia akiuliza, "Ametoka?" Mama mkwe akajibu, "Ametoka." Akashusha pumzi ndefu, na nikajua sasa ameyafumbua.

Bi Rehema alipoiona picha aligonga ulimi. Ilikuwa safi, unaweza kuhesabu mvi, lakini amefumba. "Hii tunairudia," alisema. Nikamweleza. Hakunitania. Aliingia dukani, akatoka na fremu nzuri kuliko zote, ile yenye ukingo wa dhahabu aliyokuwa anaiweka kwa ajili ya wakubwa wa wilaya, akaifuta vumbi kwa khanga aliyovaa.

Baba mkwe alifariki kabla mvua haijakatika. Msiba ulijaa watu, wamekaa hadi ndani ya migomba, na Lusajo, aliyekuja kutoka Chunya, akaibeba picha mbele. Niliwasikia wakinong'onezana mbona mzee amepigwa amelala, nani kampiga hovyo namna hii. Mama mkwe alikuwa amesimama na wanawake wa ukoo. Muda wa kuaga ulipofika mimi nilibaki nyuma kama inavyotakiwa, khanga usoni, na yeye akaja akaniondoa khanga ile kwa mkono wake mwenyewe. "Nenda," alisema. "Sasa hakuna wa kujificha."

Waliokuwa mbele yangu kwenye mstari walipofika jenezani walikuwa wanashtuka, wanashika midomo, wanalia kwamba ugonjwa umemmaliza, kwamba huyu si yeye tena. Nikafika. Shati jeupe, mvi za kidevuni, macho yamefumbwa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyostahili, watu nyuma wakaanza kusukumana, na mama mkwe akanishika kiwiko akidhani nimeogopa. Sikuogopa. Katika umati wote ule, mimi peke yangu ndiye niliyemkuta hajabadilika.